Kwenda Shamba Bila Jembe

Jumatano, tarehe 12 Machi. Alfajiri ilinyesha mvua ya rasharasha, ikakatika kwenye saa moja, halafu likatoka jua la kuchoma mgongo. Njia zote ni tope. Bodaboda zinapita zikiteleza, na mpaka mchana huu hakuna mteja aliyeleta nguo ya kushona. Kwa hiyo nimefungua daftari.

Leo asubuhi Katibu ameondoka kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho. Nataka kumwandika kabla sijaanza kusahau au kuongeza chumvi. Sijui kama naweza. Mimi nimeishia darasa la saba, na mambo mengi huwa nayaona vizuri kichwani lakini yakifika kwenye karatasi yanakuwa mafupi. Mwenyewe aliwahi kuniambia, "Mama Neema, kama utaniandika, andika yote, na mabaya uyaweke. Ila jina langu liache." Basi naliacha. Hapa mtaani hata hivyo ni wachache wanaolijua. Wote tunamwita Katibu.

Ni katibu wa kikundi chetu cha kina mama wanane. Tunasaidiana kwenye misiba. Tuna masufuria makubwa matano, turubai moja, miiko mirefu, na sare ya kitenge cha bluu chenye maua meupe. Mtu akifiwa, kabla hata jamaa zake hawajafika, sisi tumeshawasha moto. Mpanda nzima wanaijua ile sare. Watoto wakituona tumevaa wanaulizana, "Kwa nani leo?"

Sasa jambo la kwanza la kushangaza kuhusu huyu Katibu ni kwamba haandiki. Kusoma anasoma, Biblia yake ya Kirundi ameisoma mpaka kurasa zimelegea. Lakini kalamu haipendi. Muhtasari wa vikao vyote anao kichwani. Kikao kikianza anakaa kwenye kigoda, anafumba macho, anatusomea kikao kilichopita kama redio: fulani alisema hivi, fulani akajibu hivi, fulani alikohoa, tukafunga kwa sala. Mwanzoni sikuamini. Nikawa naandika kila kitu kwa siri kwenye daftari langu ili nimkamate. Siku moja nikamkamata. Alisema mwenzetu Mama Kulwa ndiye aliyekataa tusinunue turubai la pili, na daftari langu likasema ni mimi. Nikalitoa mbele ya watu.

Katibu akaniangalia tu. "Mama Neema, siku ile ulikuwa na mafua. Ulisema neno moja, ukapiga chafya, Mama Kulwa akalimalizia. Wewe ukaandika kwamba ni lako."

Mama Kulwa akacheka mpaka akashika ukuta. "Hee! Hata chafya yako anayo!"

Na ni kweli, nilikuwa na mafua. Tangu siku hiyo naandika kwa ajili yangu tu, simpimi mtu.

Nisimpambe sana. Ana roho ngumu kwenye chumvi. Akipika yeye, wafiwa wanakula chakula kilichopooza na hakuna wa kumwambia. Akiimba kanisani anatoka nje ya sauti na haoni aibu. Na anapenda kuamrisha. Mimi ameshanifanya nifumue gauni zima kwa sababu mstari wa kitenge ulipinda kidogo, na halikuwa hata gauni lake.

Lakini lile alilolifanya mwaka juzi, hata wale wasiompenda wanalisimulia.

Lilianzia kwa mgeni mmoja Mfaransa, mama mtu mzima, aliyekuja kufundisha wauguzi kwa miezi miwili. Katibu ndiye aliyekuwa anampikia. Siku moja yule mgeni akamwonyesha picha kwenye simu: nyumba ya mawe, ya zamani, katikati ya majani na ng'ombe, na watu saba wamekaa kwenye meza ndefu chini ya jua. Akamwambia ndio rafiki zake, kila mwaka wanapanga nyumba kijijini, huko kwao Ufaransa, wanakaa siku nne.

"Nikamuuliza, wanalima nini?" Katibu alitusimulia kwenye kikao. "Akasema hawalimi. Nikamuuliza, wanavuna? Hawavuni. Kuna harusi? Hakuna. Mgonjwa? Hakuna. Wanapika kwa zamu, wanatembea, wanalala, wanarudi makwao. Jamani, watu wazima wanakwenda shamba bila jembe!"

Tukacheka sana. Tulipomaliza kucheka akasema, "Na sisi tutakwenda."

Mama Kulwa, ambaye mdomo wake hauna mlango, akadakia. "Tutakwenda kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa? Si hata hapa tumekaa?"

"Hapa umekaa lini, Mama Kulwa? Nitajie siku."

Mimi nilijaribu kutafuta siku yangu mwenyewe. Ninaposema nimekaa, miguu iko kwenye cherehani.

Alipanga ile safari kwa miezi minne. Mwenye mahali alikuwa Mama Kulwa: dada yake mkubwa ameolewa Kasansa, ana mji mpana, ng'ombe, mpunga, na nyumba ya pili ambayo watoto wameiacha. Usafiri ulikuwa kigari cha kukodi. Katibu akaweka masharti, akatufanya tuyakariri mmoja mmoja: hakuna jembe, hakuna kapu la biashara, hakuna mtoto mgongoni, na tunavaa sare ili tusipoteane. Chakula chetu tutabeba wenyewe, tusimwelemee mwenyeji, na kwa sababu hatuna masufuria mengine ya watu wanane, tubebe yale yale ya kikundi. Hapo penye sare na masufuria ndipo tulipokosea, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona. Hata mimi nilipiga makofi.

Waume aliwafuata nyumba kwa nyumba. Kwangu alikuja Jumapili jioni. Mume wangu akamsikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Sasa mama, mke wangu anakwenda kupumzika. Kwani mimi nimemchosha?"

"Ndiyo, baba," Katibu akajibu. "Na yeye amekuchosha. Akiondoka, mtapumzika wote wawili."

Mume wangu akahesabu kwa vidole. Halafu akasema, "Siku tatu tu?" Mpaka leo sijui alimaanisha ni nyingi au ni chache, na sijamuuliza.

Tukaondoka Ijumaa asubuhi. Sitalike, pale kwenye daraja, Katibu alikuwa ameshamkataza dereva kusimama, maana ratiba ilikuwa kichwani mwake. Lakini viboko walikuwa wengi kwenye maji machache, wamelaliana kama magunia, na yeye mwenyewe akasema, "Simama." Tukashuka. Alikaa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, ujana wake wote, Mpanda akakaa uzee, na hakuwahi kuwaona. Alisimama akiwaangalia mpaka dereva akaanza kuguna. Mwisho akasema polepole, "Mnyama mkubwa hivi, naye amekaa tu." Akarudi kwenye gari. Humo porini mbung'o walituuma mpaka Kibaoni, kwa sababu kitambaa cha bluu wanakipenda, lakini yeye hata hakujikuna.

Kasansa tulifika mchana. Dada yake Mama Kulwa alikuwa anaanika mpunga uani. Aliinua kichwa, akaona wanawake wanane wa sare wanashuka kwenye gari, mmoja ana sufuria kubwa kichwani, mwingine mwiko. Akaangusha ungo.

"Mayu!" akapiga ukelele, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. "Mayu! Mayu!" Akajitupa chini, akavingirika kwenye ule mpunga.

Mimi sikuelewa. Mama Kulwa alielewa kabla yetu. Alikuwa amempigia dada yake simu, akamwambia, "Tunakuja. Hakuna kitu, tunakuja tu kupumzika." Na kwetu, mtu akipiga simu akakwambia hakuna kitu, njoo tu, au tunakuja tu, basi kuna maiti ndani ya nyumba. Hatuambiani kifo kwa simu. Yule dada alikuwa amelala siku tatu na ule wasiwasi, na sasa ameona sufuria.

Majirani walikuwa tayari wanakuja. Kwanza wanawake wamejifunga khanga kiunoni, halafu wanaume na viti vyao, wakakaa upande wa zizi bila kusema. Mmoja alikuja na debe la unga, mwingine na kuku wawili, watu wawili wakashusha kuni. Kadiri Mama Kulwa alivyosema, "Hakuna aliyekufa, dada, mama ni mzima," ndivyo yule dada alivyozidi kulia, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyosema. Mama Kulwa naye akaanza kulia. Nikawaona wenzangu wawili machozi yanawatoka, na nikiri, na mimi yalinitoka. Tulikuwa tunamlilia mtu mzima.

Katibu hakulia. Alizunguka akasalimia kila mtu, wanaume kwa wanawake, kwa kuinama, mkono kwa mkono, kama tumefika kwa amani. Alipomfikia mzee aliyeonekana ndiye mkubwa pale, akasema, "Baba, kuna mahali hapa simu inashika?"

"Kwenye kile kichuguu."

"Nyanyueni huyu mama tumpeleke kwenye kichuguu."

Wakambeba dada. Mama Kulwa akapanda juu ya kichuguu na sare yake, akapiga, akaweka spika. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndiyo hivyo tena." Akapiga mara ya pili. Ikapokelewa.

"Nani?" Sauti ya bibi kizee, kavu.

"Mayu, ni mimi. Sema neno, dada akusikie."

"Niseme nini? Niko napukuchua mahindi."

"Sema tu kwamba uko mzima."

"Kwani nani kasema nimekufa? Ni nyie? Mmekwenda huko mkaniua? Nikija hapo nitawachapa wote wawili na uzee wenu!"

Kile kicheko! Wanaume waliinama kwenye viti vyao. Dada alikaa chini ya kichuguu, kamasi na machozi na mpunga kwenye nywele, akawa analia na kucheka pamoja, na akikumbuka anampiga Mama Kulwa kofi la mguu.

Lakini ilibaki aibu. Watu wameacha kazi, wameleta unga na kuku, wako uani, na hakuna msiba. Yule mzee akamgeukia Katibu. "Sasa mama, nyie mmekuja kufanya nini?"

"Kupumzika, baba."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna. Tumechoka tu."

Mzee akaligeukia lile debe. "Na unga huu?"

"Unga umeletwa na watu, utaliwa na watu," Katibu akasema. "Leo hakuna wa kuzikwa. Kaeni, sisi tupike, mle na nyie bila kulia." Akatugeukia. "Washeni."

Tukapika kama tunavyojua kupika, kwa yale masufuria. Watu walikula mpaka jua likaanza kuzama, mzee akasimulia mambo ya ng'ombe aliyekuwa na akili, na yule aliyeleta kuku akasema hajawahi kula kwenye msiba mzuri namna ile. Mimi nilimwangalia Katibu amekaa kwenye kigoda cha watu, anaendesha kijiji ambacho hakijui jina lake, na nikaona mwili unanisisimka. Sijui neno lake ni lipi. Siyo mapenzi tu. Ni kama unavyojisikia ukisimama karibu na mti mkubwa sana wakati wa upepo.

Jumamosi tulipumzika kweli. Tulilala, tulisukana, tulikwenda kuangalia mpunga wa watu bila kuugusa. Ila haki itendeke: asubuhi ya siku hiyo nilitoka mapema nikamkuta Katibu, mwenye masharti, yuko kwenye karanga za mwenyeji, magoti yana udongo, na rundo la magugu pembeni.

"Katibu! Unalima?"

"Silimi. Napitisha mkono tu." Akang'oa jingine. "Usiandike hilo."

Baadaye akasema, "Haya, andika."

Jumapili gari lilitakiwa kutufuata saa nne. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Simu ya dereva haipatikani. Mwenyeji akasema, "Jamani, laleni, mtaondoka kesho." Mama Kulwa akatandika mkeka. Sote tuliona ni sawa. Nani hakosi gari?

Katibu akasimama. Akaingia ndani, akatoka na furushi dogo ambalo sikuwahi kuliona tangu tuondoke, akashika njia. Hakuaga. Yeye anayesalimia watu wote mmoja mmoja, hakuaga mwenyeji. Nikamkimbilia.

"Katibu, unakwenda wapi?"

"Mpanda."

"Kwa miguu? Katikati kuna pori, kuna simba!"

"Niache."

Alikuwa anatembea kama mtu anayefukuzwa. Nilishamwona akivalisha maiti, nilishamwona akizima ugomvi wa ndugu wenye mapanga, sikuwahi kumwona akikimbia kitu. Nikachukua furushi nimsaidie, kitambaa kikafunguka. Ndani mlikuwa na kiberiti, gauni moja, kisufuria, na karatasi zake za uraia zimefungwa kwenye nailoni mara tatu.

"Mama Neema," akasema akiwa anatembea, haniangalii. "Mimi nimesafiri mara tatu. Ya kwanza nilibebwa mgongoni. Ya pili nilishika mkono wa mama. Ya tatu nilimbeba mwanangu. Kila mara walisema ni siku chache, tutarudi. Zote zilikuwa za kwenda. Nilitaka moja tu ya kurudi. Moja." Akafuta uso kwa kiganja. "Nimeacha maji kwenye mtungi, nimefunika. Nataka nikute maji yangu."

Mtu mwenye shule angepata neno. Mimi nilifunga furushi, nikalibeba, nikatembea naye. Nilipogeuka nyuma niliona Mama Kulwa anakuja na sufuria kichwani, na nyuma yake wengine wote, mstari mmoja wa bluu kwenye barabara ya vumbi. Hakuna aliyewaita. Hatukuulizana mpaka wapi. Tulitembea kama saa nzima, watu wa pembeni wakitupungia kwa huzuni, na mama mmoja akaja mbio kutupa pole, tukaipokea.

Gari lilitukuta njiani. Dereva alikuwa amepata pancha mbili porini, amejaa vumbi mpaka kwenye masikio, na kwa haki hakuwa na kosa. Katibu alikaa mbele, furushi mapajani, mpaka mlangoni kwake. Akafungua kufuli. Sisi tukasimama nje. Tukasikia kifuniko cha mtungi, kisha kikombe. Akatoka na kikombe, midomo imelowa, akashangaa kwa Kirundi chao, "Yebaba we. Yapo." Akatunywesha sote, mmoja mmoja, maji ya siku tatu. Sijawahi kunywa kitu kama kile.

Hayo ni ya mwaka juzi. Tangu hapo macho yamekuwa yanamfifia taratibu. Wiki iliyopita mwanae wa Dar es Salaam, kijana mwema, ana familia na kazi ya gereji, alikuja kumchukua. Leo alfajiri tulikuwa uani kwake, kikundi kizima na majirani, kwenye ile rasharasha. Watu walikuwa wanalia, maana safari ya mtu mzima kwenda kwa mwanae wote tunajua inavyoisha. Na yule kijana alikuwa ameshanivuta pembeni. "Shangazi, nikwambie wewe. Mama harudi. Macho yale na kuishi peke yake haiwezekani. Nimeshamwandalia chumba. Usimwambie, asije akagoma kwenda kutibiwa."

Sikujua nifanye nini na neno lile. Nikimwambia, atakataa na atapofuka. Nisipomwambia, nimemsindikiza safari ya nne nikijua. Siwezi kusema yule kijana ana kosa. Angekuwa mama yangu, pengine na mimi ningesema hivyo hivyo.

Katibu akapapasa hewa mpaka akanishika mkono. "Najua alichokuambia," akasema kwa sauti ya kawaida, hata hakunong'ona. "Mkono wako umekuwa wa baridi." Halafu akapaza sauti. "Nyie mnaolia, nyamazeni. Hapa ni kikao. Mwanangu, sogea. Waambie hawa watu nitarudi lini."

Kijana akaniangalia, akaangalia chini. "Mama, tutaona daktari atakavyo..."

"Sikukuuliza daktari."

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye bati. Tulikuwa watu kama ishirini.

"Mwezi wa sita, mama," kijana akasema.

"Nikiona au nisipoona?"

Akainamisha uso. Alipoinua uso machozi yalikuwa yanamshuka, na nikaona kwamba ameamua. "Ukiona au usipoona. Nitakuleta mwenyewe."

"Mama Kulwa, rudia."

"Mwezi wa sita," Mama Kulwa akasema, sauti imekwaruza. "Akiona au asipoona. Atamleta mwenyewe."

"Wote."

Tukarudia wote, kama watoto wa shule. Katibu akatikisa kichwa kwamba kikao kimekubali. Ndipo akanigeukia mimi. "Kuna matembele pale nyuma ya jiko, nimeyapanda juzi juzi yameshashika. Chumeni, msione haya. Ncha tu. Mashina muache, hayo nitayang'oa mwenyewe viazi vikikomaa." Akapanda bodaboda ya kwenda stendi, amekaa wima, mwanae nyuma yake amemshikilia kwa mikono miwili.

Kama atarudi, sijui. Nisiandike nisichokijua. Ninachojua ni kwamba watu ishirini tuna mwezi wa sita kichwani.

Jioni tumekula ugali wa dona na matembele ya Katibu, nimeyaunga kwa karanga. Nilichuma ncha tu. Mume wangu amesema chumvi imezidi, na ni kweli, ilizidi.